Ushindi wa Ukweli: chapa ya Profesa James Beattie na mgongo mpana wa David Hume

Msomaji wa Pembeni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naomba tujadili picha moja ya kuchongwa ambayo, kwa maoni yangu, Mwafrika ana sababu nyingi za kuitazama kuliko hata Mskoti mwenyewe. Ni chapa ya mwaka 1775, kazi ya mchongaji James Watson, iliyotokana na mchoro wa rangi wa Sir Joshua Reynolds. Mhusika wake mkuu ni James Beattie, mshairi na profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo cha Marischal mjini Aberdeen, na picha yenyewe inaitwa Ushindi wa Ukweli. Nakala zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Uingereza, na picha zake za kidijitali zinapatikana bure kwa yeyote mwenye simu.

Tuanze na kinachoonekana. Beattie amesimama akiwa amevaa joho la udaktari, na kitabu amekishika kwapani. Kando yake yuko malaika wa Ukweli, ameshika mizani kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anawasukuma chini watu watatu wanaodidimia gizani. Profesa hashiriki purukushani hiyo hata kidogo. Ametulia kama mgeni rasmi, na kazi ya kupigana ameachiwa malaika.

Joho hilo lina historia yake. Mwezi Julai 1773 Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunuku Beattie udaktari wa heshima wa sheria, na katika hafla hiyo hiyo Reynolds naye alitunukiwa shahada ya aina hiyo, kwa hiyo mchoraji na mchorwaji walitoka Oxford wakiwa na majoho yanayofanana. Mwezi uliofuata Beattie alikuwa London, ameketi mbele ya Reynolds akichorwa. Agosti hiyo hiyo alipokewa na Mfalme George III na malkia wake huko Kew, baada ya kupewa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Beattie mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba mfalme alimwambia hajawahi kuiba kitabu maishani ila kimoja tu, nacho ni cha Beattie: alikiiba kwa malkia ili ampe Lord Hertford akisome. Kwa mtoto wa mkulima na muuza duka mdogo wa Laurencekirk, aliyeanza kazi kama mwalimu wa shule ya kijijini, mwaka huo ulikuwa wa neema tupu.

Kitabu kilicho kwapani ndicho kilichomletea neema hiyo. Ni insha yake ndefu kuhusu asili ya ukweli na kutobadilika kwake, iliyotoka mwaka 1770, ikachapishwa tena na tena ndani ya miaka michache na kutafsiriwa kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kijerumani. Lengo lake lilikuwa moja: kumbomoa David Hume, mwanafalsafa mwenzake wa Uskoti, ambaye Beattie alimwona kuwa anang'oa misingi ya dini na maadili kwa kutilia shaka kila kitu. Hume hakumjibu hadharani, lakini faraghani aliita kitabu hicho uongo mkubwa wa kutisha, na mwandishi wake akamwita mpumbavu mwenye chuki za kidini.

Sasa tazameni wale watatu wanaosukumwa chini. Watu wa London walianza kunong'ona kwamba mmoja ni Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa, na mwingine ni Hume. Uvumi ukamfikia Hume, na Februari 1774 Reynolds akamwandikia Beattie barua ya kuchekesha kidogo. Alisema kwamba kuna umbo moja tu lililofunika uso kwa mikono, ambalo watu wanaweza kuliita Hume au mtu mwingine yeyote wamtakaye, ingawa ni kweli kwamba lina mgongo mpana wa kutosha. Kuhusu Voltaire alikiri waziwazi kwamba alikusudia awemo. Wote waliomjua Hume walijua kwamba alikuwa mtu mnene sana. Mchoraji aliyataka maneno yasemwe, ila hakutaka yatoke kinywani mwake.

Oliver Goldsmith, mwandishi na rafiki wa Reynolds, alikasirika. James Northcote, aliyekuwa mwanafunzi wa Reynolds, amesimulia kwamba Goldsmith alimwambia mchoraji kuwa haimpasi mtu wa hadhi yake kumdhalilisha Voltaire mbele ya mwandishi mdogo kama Beattie, kwa kuwa baada ya miaka kumi Beattie na kitabu chake watakuwa wamesahaulika, ilhali sifa ya Voltaire itadumu milele.

Goldsmith alikosea kuhusu miaka kumi, lakini kwa jumla hesabu yake ilikuwa sahihi. Leo Hume anasomwa katika kila idara ya falsafa duniani na Beattie anatajwa kwa kupita. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba lipo jambo moja ambalo ndani yake malaika wa Reynolds alisimama upande unaostahili, na jambo hilo halikuchorwa popote kwenye picha. Linahusu sisi. Nitalieleza, lakini kwanza ningependa kusikia wenzangu mnaionaje chapa yenyewe.

---

Fundi Wino

Mleta uzi, asante kwa mada nzito. Nimefanya kazi kwenye viwanda vya uchapaji kwa muda mrefu wa maisha yangu, kwa hiyo niruhusu nizungumzie kazi ya mikono kabla hamjazama katika falsafa, kwa sababu naona watu wengi humu wataichukulia chapa hii kuwa nakala tu ya mchoro wa Reynolds.

Hii ni mezotinti. Katika mchongo wa kawaida fundi huchimba mistari kwenye bamba la shaba kwa patasi nyembamba, wino huingia kwenye mistari, na kivuli hupatikana kwa kusogeza mistari karibu karibu. Mezotinti huanzia upande wa pili kabisa. Fundi huchukua chombo chenye makali ya mviringo yaliyojaa meno madogo, akakibembeza juu ya bamba zima, huku na huko, kwa pembe tofauti, mpaka uso wote wa shaba uwe na vinyweleo. Bamba hilo likipakwa wino na kuchapwa katika hali hiyo, litatoa weusi mtupu, mweusi wa mahameli. Kutoka kwenye weusi huo fundi huanza kukwangua na kusugua: anapokwangua kidogo hupata kijivu cha giza, anapokwangua zaidi hupata kijivu chepesi, na pale anaposugua shaba hadi ikang'aa, wino haukai na karatasi inabaki nyeupe. Kwa maneno mengine, mwanga ndio unaochongwa.

Fikiria basi maana yake kwa picha hii. Malaika wa Ukweli na joho la profesa ndiko Watson alikotoa jasho la kukwangua. Wale watatu wanaoanguka wamebaki karibu na weusi wa mwanzo, na ule mgongo mpana umetolewa kwa kukwanguliwa kidogo tu, kiasi cha kuonyesha kwamba mtu yumo. Mchoro wa Reynolds una rangi za kumgawa mtazamaji macho, lakini chapa haina. Ugomvi wote umekuwa wa mwanga na giza, na nathubutu kusema kwamba fumbo la picha linasomeka kwa ukali zaidi kwenye karatasi ya Watson kuliko kwenye turubai.

Jambo la pili ni kwamba vile vinyweleo vya shaba ni dhaifu. Kila bamba linapopita chini ya mtambo vinalala kidogo, na baada ya chapa mia chache weusi hugeuka kuwa ukungu. Ndiyo maana wakusanyaji hugombea chapa za mwanzo. Ukiona nakala ya Ushindi wa Ukweli ambayo wale watatu wamekuwa kijivu kimoja na mandharinyuma, usidhani Watson hakujua kazi. Unatazama bamba lililochoka.

Mbinu hii ilibuniwa na Mjerumani, Ludwig von Siegen, mwaka 1642, lakini Waingereza waliikumbatia kiasi kwamba Wafaransa waliiita mtindo wa Kiingereza. Reynolds aliithamini sana. Michoro yake mingi ilifika mikononi mwa watu wa kawaida kwa njia ya mezotinti, na Watson, mzaliwa wa Dublin, alikuwa miongoni mwa mafundi wake wazuri. Binti yake, Caroline Watson, alijifunza kwake na mwaka 1785 akateuliwa kuwa mchongaji wa Malkia Charlotte. Hilo peke yake lingetosha kufunguliwa uzi.

---

Mkaidi wa Mantiki

Nimesoma kwa heshima zote, lakini nina upinzani. Kwa nini tumpe Beattie muda wetu? Mtu ambaye hakumwelewa Hume, aliyejibu hoja nzito kwa matusi na kwa kusema kwamba kila mwenye akili timamu anajua ukweli bila kuthibitishiwa, hastahili malaika. Mwanafalsafa Thomas Reid, ambaye pia alikuwa Aberdeen, alikuwa ameshatoa jibu la maana zaidi mwaka 1764, kwa utulivu na kwa heshima, na Hume alimheshimu kwa hilo. Beattie alichukua silaha za Reid akazitumia kama rungu. Kisha mfalme akampa pensheni, Oxford ikampa joho, na Reynolds akampa malaika. Mimi naona hapa propaganda ya wenye mamlaka iliyochapwa kwa wino mzuri, basi.

Na kama suala ni ukweli, linganisheni chapa hii na picha ya Hume aliyochora Allan Ramsay mwaka 1766. Pale Hume anatutazama moja kwa moja, uso mpana, koti jekundu lenye tarizi za dhahabu, mkono umeegemea vitabu. Hana malaika na wala hamsukumi mtu chini. Anayejiamini hahitaji kuchorwa pamoja na maadui zake wakianguka.

---

Msomaji wa Pembeni (mleta uzi)

Ndugu Mkaidi, nakubaliana nawe kuhusu falsafa. Sina nia ya kumtetea Beattie dhidi ya Hume katika suala la chanzo na matokeo, wala katika suala la miujiza. Hata ulinganisho wako na picha ya Ramsay ni wa haki, na namshukuru Fundi Wino kwa sababu maelezo yake ya giza na mwanga yanaupa nguvu.

Lakini sasa nifikie lile jambo nililoahidi. Hume alikuwa na insha kuhusu tabia za mataifa, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1748. Katika toleo la 1753 aliongeza tanbihi. Ndani yake alisema kwamba anaelekea kushuku kuwa watu weusi, na kwa jumla aina nyingine zote za binadamu, kwa asili yao ni duni kuliko weupe. Kwamba halijapata kuwako taifa lililostaarabika la rangi nyingine isipokuwa nyeupe. Na kwamba miongoni mwa watumwa weusi waliotawanyika kote Ulaya hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya kipaji. Alimalizia na mtu wa Jamaika aliyesifiwa kwa elimu yake, akasema huenda anasifiwa kwa vitu vidogo tu, mithili ya kasuku anayetamka maneno machache kwa ufasaha.

Huyu ndiye Hume yuleyule aliyetufundisha kutokubali jambo bila ushahidi. Tanbihi ile ilisomwa mbali. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliinukuu mwaka 1764 katika maandishi yake kuhusu hisia ya uzuri na utukufu, na watetezi wa utumwa waliitumia kama hirizi.

Beattie aliikamata katika kitabu hicho kilicho kwapani mwake. Alisema kwanza kwamba hata kama madai yote ya Hume yangekuwa kweli, bado hayathibitishi uduni wa asili, kwa kuwa wakazi wa Uingereza na Ufaransa nao miaka elfu mbili iliyopita walikuwa katika hali ambayo Hume angeiita ya kishenzi. Kustaarabisha taifa ni kazi ya muda mrefu, na kusema kwamba taifa fulani haliwezi kamwe ni sawa na kusema mtoto mchanga hatakuja kuwa mtu mzima. Pili, akauliza Hume amejuaje. Ili mtu aseme kwamba hakuna Mweusi hata mmoja mwenye kipaji, ni lazima awe amewajua wote. Tatu, akataja dola za Peru na Meksiko, ambazo watawala wake hawakuwa weupe. Nne, na hapa ndipo ninapomheshimu, akaitazama hali ya mtumwa mwenyewe: hajui kusoma wala kuandika, hazungumzi lugha yoyote ya Ulaya, haruhusiwi kufanya lolote ila aliloamriwa na bwana wake, hana rafiki hata mmoja duniani, na anatendewa kama kiumbe cha daraja la chini kuliko binadamu. Kutarajia mtu wa namna hiyo avume ulimwenguni kwa kipaji chake, alisema Beattie, si matarajio ya mtu mwenye busara.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Aliyekuwa bingwa wa kudai ushahidi alisema bila ushahidi, na yule aliyeshutumiwa kwa kupiga kelele ndiye aliyeuliza swali la kimantiki.

---

Dada Kumbukumbu

Nashukuru sana kwa maelezo hayo. Ningependa kuongeza kwamba Beattie hakuishia kwenye ukurasa mmoja wa mwaka 1770. Aliwafundisha wanafunzi wake wa Aberdeen kwamba utumwa ni uovu, na kitabu chake cha misingi ya elimu ya maadili, kilichotoka kwa juzuu mbili mwaka 1790 na 1793, kina sehemu ndefu inayopinga utumwa hoja kwa hoja. Tukumbuke kwamba alikuwa akiwafundisha vijana ambao baadhi yao walitarajiwa kwenda Jamaika na visiwa vingine kama madaktari, makarani na wasimamizi wa mashamba ya miwa. Profesa aliyesimama mbele ya darasa la namna hiyo na kuliambia kwamba mtaji wa jamaa zao ni dhuluma hakuwa anacheza salama.

Uskoti wa wakati huo ulikuwa kwenye mjadala huo mahakamani pia. Januari 1778 Mahakama Kuu ya Edinburgh iliamua shauri la Joseph Knight, Mwafrika aliyenunuliwa Jamaika na kuletwa Perthshire na bwana wake, John Wedderburn. Mahakama ilisema sheria ya Jamaika kuhusu utumwa haiwezi kutekelezwa Uskoti, na Knight akawa huru.

Pamoja na hayo, tusimfanye Beattie mtakatifu. Maneno yake yanawaita Waafrika na wenyeji wa Amerika watu wa kishenzi ambao bado hawajastaarabika. Anawatetea kama wanafunzi walio nyuma, wanaoweza kufika darasa la wazungu wakipewa muda. Timbuktu, Ethiopia na miji ya mawe ya pwani yetu ingemtosha kuivunja tanbihi ya Hume bila hata kwenda Peru. Kwa mtu wa 1770 hoja yake ilikuwa kubwa, ila bado ilikuwa hoja ya mtu aliyesimama juu akitazama chini, karibu kama alivyosimama kwenye chapa.

---

Mkaidi wa Mantiki

Hili la tanbihi nalikubali, na limenichoma, kwa kuwa Hume nimemsoma miaka mingi na kila mara niliipita tanbihi ile kama kasoro ya zama zake. Ila sasa huwezi kusema ni zama, maana Beattie naye alikuwa wa zama hizo hizo, nchi hiyo hiyo, na alimwambia.

Naomba mleta uzi atujibu swali moja: je, Hume alibadili msimamo baada ya kusoma hoja za Beattie?

---

Msomaji wa Pembeni (mleta uzi)

Alibadili maneno, na namna alivyoyabadili inasema mengi. Hume alifariki Agosti 1776, na toleo la insha zake alilolisahihisha mwenyewe likatoka 1777. Humo maneno kuhusu aina nyingine zote za binadamu yameondolewa, na vivyo hivyo dai kwamba halijapata kuwako kamwe taifa lililostaarabika lisilo jeupe. Badala yake dai limebaki kwa watu weusi peke yao, ambao sasa anasema ni nadra kwao kuwa na taifa lililostaarabika. Wataalamu kadhaa wanaona kwamba mfano wa Peru na Meksiko ndio uliomlazimisha. Akarudi nyuma pale alipobanwa na ushahidi, akawaacha Waafrika palepale. Kasuku naye alibaki.

Kwa hiyo ukiirudia chapa ya Watson ukiwa na habari hiyo, ule mgongo mpana unasomeka kwa namna ambayo Reynolds hakuikusudia. Kwa mfalme na maaskofu, Hume anaanguka kwa sababu ya kutoamini dini. Kwangu mimi, kama kuna kosa linalomstahilisha kuufunika uso wake kwa mikono, ni tanbihi hiyo.

---

Kalamu ya Tanga

Samahani kwa kuingia na swali la chini kidogo. Ninacho kitabu kikuukuu cha mashairi ya Kiingereza nilichonunua kwa muuza vitabu vya mtumba, na mwanzoni kuna picha ndogo ya Beattie, kichwa na mabega tu, bila malaika. Imechongwa kwa mistari myembamba sana. Je, hiyo ni ya zamani za Watson? Na nitajuaje kama ni mchongo wa kweli au picha iliyochapwa kwa mitambo ya kisasa?

---

Fundi Wino

Ndugu Kalamu, swali lako si la chini hata kidogo, na ndilo ninaloulizwa mara nyingi.

Chukua kioo cha kukuzia na utazame shavu. Ukiona vitone vidogo vilivyopangika kwa mistari sawasawa, ni uchapaji wa mashine wa baadaye uliotokana na fotografia. Ukiona mistari halisi inayonenepa na kukonda kufuata umbo la uso, na wino umesimama kidogo juu ya karatasi kiasi kwamba kidole kinausikia, ni mchongo. Tazama pia kama kuna alama ya bamba, yaani mstari wa mbonyeo unaoizunguka picha pale bamba lilipokandamiza karatasi iliyoloweshwa. Katika vitabu alama hiyo mara nyingi hukatwa na mfunga vitabu, kwa hiyo isipokuwepo usikate tamaa.

Mistari myembamba sana, ya rangi ya fedha, kwa kawaida ni dalili ya bamba la chuma cha pua, ambalo lilianza kutumika kwa vitabu katika miaka ya 1820. Chuma kilivumilia maelfu ya chapa ambazo shaba isingeweza, na ndiyo maana picha za waandishi zikajaa katika vitabu vya bei nafuu. Shairi refu la Beattie, Mwimbaji, ambalo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1771 na ya pili 1774, lilichapishwa mara nyingi sana katika karne ya 19, na wachapishaji walipenda kuweka uso wa mshairi mwanzoni.

Mwisho, soma maandishi madogo chini ya picha. Kushoto utaona jina la mchoraji likifuatiwa na neno la Kilatini pinxit, yaani huyu alichora, na kulia jina la mchongaji likifuatiwa na sculpsit au fecit, yaani huyu alichonga au alitengeneza. Chapa za karne ya 18 mara nyingi huongeza tarehe na jina la mchapishaji, kwa kuwa sheria ya mwaka 1735, iliyopiganiwa na mchongaji William Hogarth, ilimlinda mwenye bamba kwa miaka 14 kwa sharti la kuandika tarehe na jina lake. Mwaka 1767 muda huo uliongezwa kuwa miaka 28. Sheria hiyo ndiyo inayowasaidia wanahistoria kujua mwaka wa chapa nyingi za Kiingereza za wakati ule.

---

Kalamu ya Tanga

Nimetazama. Mistari ni halisi na imesimama, wala sioni vitone. Chini kulia kuna sculpsit, lakini jina limefifia, na kushoto linasomeka la Reynolds.

---

Fundi Wino

Basi una mchongo, na aliyeuchonga alichukua uso wa Beattie kutoka kwenye mchoro uleule wa Ushindi wa Ukweli, au pengine kutoka kwenye chapa iliyotokana nao, kisha akamwondoa malaika na wale watatu. Wachapishaji wa vitabu walifanya hivyo mara kwa mara. Ugomvi ulikuwa umeshapoa, na msomaji wa mashairi alitaka kumwona mshairi tu. Usiifunike kwa plastiki, na usijaribu kuyasafisha madoa ya kahawia kwa kemikali yoyote. Weka karatasi isiyo na asidi mbele yake na ukiweke kitabu mbali na unyevu wa bahari.

---

Dada Kumbukumbu

Kabla uzi haujahamia kwenye utunzaji wa vitabu, naomba niulize kuhusu yule mtu wa Jamaika ambaye Hume alimwita kasuku. Je, naye alichorwa?

---

Msomaji wa Pembeni (mleta uzi)

Alichorwa, dada, na picha yake iko London katika Makumbusho ya Victoria na Albert tangu 1928. Anaitwa Francis Williams, mtoto wa familia ya watu weusi huru wa Jamaika. Mwaka 1721 alipokewa Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vya wanasheria vya London, kisha akarudi Jamaika, akafungua shule na akaandika mashairi ya Kilatini. Katika picha amesimama chumbani mwake, wigi kichwani, nyuma yake rafu ya vitabu, kando yake tufe la dunia, na mbele yake kitabu kimefunguliwa mezani.

Kwa miaka mingi waandishi waliitazama miguu yake myembamba na kichwa chake kikubwa, wakasema ni kikaragosi cha kumdhihaki. Mwaka 2024 mwanahistoria Fara Dabhoiwala alichapisha utafiti unaodai kwamba kitabu kilichofunguliwa ni cha Isaac Newton, kwamba kimefunguliwa kwenye ukurasa unaohusu njia za vimondo vyenye mkia, na kwamba mwanga mdogo unaoonekana angani dirishani ni kimondo cha Halley, ambacho kurudi kwake mwaka 1759 kulithibitisha hesabu za Newton. Kwa tafsiri hiyo, Williams mwenyewe ndiye aliyeagiza picha ichorwe, ili ionekane kwamba alizifanya hesabu hizo na kukiona kimondo kikija kama zilivyosema. Williams alifariki 1762, miaka minane kabla ya kitabu cha Beattie, na tanbihi ya Hume ilikuwa tayari imeshazunguka kwa miaka tisa.

Nitamfungulia uzi wake wiki ijayo. Fundi Wino, tafadhali njoo na kioo chako, kwa sababu zile herufi za kwenye kurasa ni ndogo mno.